Kazi ya Mzee na Uzima Wake

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mtangawanda



Halmashauri ilipokutana kupanga shughuli za mkutano huu iliniagiza nitayarishe maneno juu ya kuitunza afya na kubaki na ujana wakati mwili unapozeeka. Nilicheka moyoni, maana mimi ni mtu wa miaka 36, na katika baraza hii wamo watu waliokuwa wakitweka matanga kabla baba yangu hajaoa. Kijana kuwafundisha wazee namna ya kuzeeka ni kama mgeni kumwonyesha mwenyeji njia ya kisimani. Basi sikuja kufundisha. Nimekuja kueleza kosa nililolifanya nyumbani kwangu, na mambo niliyojifunza kwa sababu ya kosa hilo, kisha nitatoa ombi mbele ya Chama. Baba yangu yupo, ameketi pale karibu na mlango, naye amenipa ruhusa kuyasema haya yote. Aliniambia tu nisiongeze chumvi. Na habari ya chumvi tutaifikia.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Kila boti itokayo Amu ikafika gatini hapa huteremsha, pamoja na unga na sukari, vifurushi vya dawa za ujana: unga wa mizizi, vidonge vya rangi, mafuta ya kuchua magoti, na chupa ambazo mwenye kuziuza huapa kwamba zitamrudisha mtu wa miaka 70 kwenye 30. Mabwana, hapana dawa duniani iliyothibitishwa kuwa yamrudisha mtu ujanani. Lau ingalikuwapo, matajiri wa Ulaya na Marekani wangaliimaliza yote kabla haijafika Mtangawanda. Nasema haya pia kwa baba zangu wachache wanaopaka piko ndevuni. Sitamtaja mtu. Piko ina dawa kali iwezayo kuwasha ngozi na kuuvimbisha uso mpaka macho yafumbe, na nywele nyeupe hazijamuumiza mtu yeyote.

Ujana ninaousema mimi leo si wa nywele. Ni ule wa kuweza. Mtu aweza kushuka chomboni bila kubebwa; aweza kuchutama na kuinuka; aweza kwenda mazishini kwa miguu yake na kurudi; aweza kumpakata mjukuu bila kuogopa kumwangusha. Mwenye kuyaweza haya ana ujana, hata kama ana miaka 80. Asiyeyaweza amezeeka, hata kama ana miaka 50 na ndevu nyeusi.

Sasa nieleze kosa langu.

Baba yangu alikuwa mvuvi tangu utoto wake. Alipokuwa na miaka 67 bado alikuwa akitoka na mtumbwi maji yanapojaa, akipita kando ya mikoko, na akirudi na samaki wa kutosha nyumba yetu na jirani. Siku ya haja mjini Pate alikwenda kwa miguu, mwendo wa saa nzima kama mnavyojua, akakaa na jamaa zake akanywa kahawa, kisha akarudi kwa miguu. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kupata kazi ya ukarani, nina mshahara wa mwezi, nikaona haya. Nilijiuliza: watu watasema nini, mtoto amesoma shule ya misheni mpaka sekondari, avaa shati lililopigwa pasi, na baba yake yuko baharini akilowa?

Nikauza mtumbwi. Nilimwambia, Baba, umetutumikia sana, sasa pumzika. Nikamnunulia kiti cha mikono. Nikapatana na kijana mwenye pikipiki awe anampeleka Pate na kumrudisha. Wajukuu wakaagizwa kumtekea maji, mke wangu akakataa asiguse jembe, na nyavu zake zikatundikwa darini. Watu walinisifu. Wazee watatu waliokuja kututazama waliniambia kwamba mtoto kama mimi ni baraka, na mmoja aliwaita wanawe waje waone. Nami nilifurahi sana.

Baada ya miezi kumi na minane hivi alikuwa hainuki kitini ila kwa kushika ukuta. Suruali zake zilimpwaya. Usiku hapati usingizi, mchana asinzia. Wageni wakija alikuwa na neno moja tu la kuwaambia, kwamba yeye sasa ni mzigo. Sisi tukasema ni uzee. Twaujua uzee, umemfikia. Kisha siku moja maji yamepwa, alikuwa akishuka ngazi za gati kwenda kumwaga mgeni wake, akateleza kwenye ngazi zenye chani, akavunjika kifundo cha mkono.

Kijiji kizima kililaumu ngazi. Nami niliilaumu, tena niliandika barua. Lakini tulipofika zahanati, muuguzi alipokwisha kumfunga mkono alimwomba ainuke kitini pasipo kushika kitu. Baba alijaribu mara tatu akashindwa. Yule mama akanigeukia akasema, "Si ngazi iliyomwangusha huyu. Ni kiti."

Maneno yale yaliniuma, maana kiti nilikinunua mimi.

Nilianza kusoma na kuulizauliza. Katika niliyoyapata kuna habari moja ambayo nataka kuisimulia kwa kituo, kwa sababu ndiyo iliyonifumbua macho. Mwaka 1966, katika mji wa Dallas, Texas, huko Marekani, waganga waliwachukua vijana watano wenye afya, umri wao miaka 20, wakawalaza kitandani majuma matatu. Kabla ya kuwalaza, na tena baada ya kuwainua, walipima kiasi cha hewa ambacho mwili wa kila mmoja waweza kuitumia wakati wa kazi ngumu. Kipimo hicho huonyesha nguvu za moyo na mapafu na nyama za mwili zikifanya kazi pamoja. Nguvu hizo zilikuwa zimeanguka sana. Vijana wale hawakuwa na homa wala jeraha; walipumzishwa tu.

Hadithi haikwisha hapo. Baada ya miaka 30 waganga waliwatafuta wale watano, wakawapata wote, sasa ni watu wazima wa miaka 50, wamenenepa, baadhi yao wamekuwa watu wa kukaa tu. Wakapimwa tena kwa kipimo kile kile. Yaliyoonekana ni haya: majuma matatu ya kitandani yalikuwa yamewapunguzia nguvu zaidi kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Wazee wangu, tuyafikiri maneno hayo. Mtu mwenye miaka 50 alikuwa na nguvu kuliko alivyokuwa siku ile alipoinuka kitandani akiwa na miaka 20. Kisha wakapewa mazoezi ya miezi sita, kidogo kidogo, kutembea na kukimbia polepole na kupanda baiskeli, na nguvu zile walizopoteza kwa miaka 30 zikawarudia.

Kwa hiyo mambo mengi tuyaitayo uzee si uzee. Ni kukaa. Uzee wenyewe upo, sikatai. Nyama za mwili huanza kupungua tangu miaka 30 hivi, asilimia 3 mpaka 8 kwa kila miaka kumi, na baada ya 60 huzidi kasi. Mifupa nayo hupungua, hasa ya wanawake waliokoma hedhi. Lakini juu ya upungufu huo wa maumbile sisi twaongeza upungufu wa pili kwa mikono yetu, kisha twauchanganya na wa kwanza na kuuita majaliwa.

Huenda mtu akasema, hao walikuwa wa miaka 50, bado vijana. Haya. Mwaka 1990 mganga mmoja mwanamke, Maria Fiatarone, pamoja na wenzake, walichapisha habari za wazee kumi waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee mjini Boston, dhaifu, umri wao yapata miaka 90. Walipewa kazi ya kuinua uzito kwa miguu kwa majuma manane. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao zilipanda zaidi ya mara mbili, na wawili kati yao wakaziweka mbali fimbo zao. Watu wa miaka 90!

Nikarudi kwa baba. Yule muuguzi alitupa maagizo mepesi, wala hayakutaka fedha. Kila asubuhi akae juu ya baraza ya nyumba, si katika kiti cha mikono, ainuke na kukaa, mara tano, hata kama mwanzo ashikwe mkono. Mara tano zikizoeleka ziwe kumi. Ashike mwimo wa mlango asimame kwa ncha za vidole, ashuke polepole. Ashike mwimo huo huo asimame kwa mguu mmoja, ahesabu mpaka kumi, abadili. Jioni atembee, kwa mwendo ambao aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Kifua kikibana, au pumzi zikikata, au kizunguzungu kikimjia, aache hapo hapo na kuja zahanati. Mwenye maradhi ya moyo aulize kwanza kabla hajaanza.

Baba alifanya kwa siku nne, akachoka. Si mwili, bali moyo. Alisema, "Mimi si mtoto wa shule, kuinuka na kukaa bila sababu." Nami nikafahamu kwamba zoezi pasipo kazi halitakaa kwa mtu aliyefanya kazi miaka hamsini. Ndipo nikazishusha nyavu darini. Alianza kuzishona kwa mkono uliopona, na kila mara ilimbidi kuinuka, kunyosha, kufunga kambani, kukaa tena. Alikuwa akiinuka mara arobaini kwa siku bila kuzihesabu. Majirani wakaleta nyavu zao. Baadaye jirani mmoja alimwazima mtumbwi, akawa anaingia mikokoni maji yakijaa pamoja na mjukuu wangu wa ndugu, mwenye miaka kumi na miwili. Pikipiki tukaiachisha, isipokuwa siku za mvua kubwa.

Naliahidi kutoongeza chumvi. Hakurudi kuwa kijana. Hendi tena nje ya Mkanda, na Pate aenda kwa fimbo, akipumzika mara mbili njiani. Lakini kapu lake alibeba mwenyewe, anainuka bila ukuta, na usiku alala. Jambo la kuwa mzigo sijalisikia tena.

Bwana Mwenyekiti, nimefika mahali pagumu, kwa sababu sasa nagusa adabu yetu. Sisi tumelelewa kwamba kijana akimwona mzee amechukua kitu, mbio ampokee. Nami sisemi desturi hiyo iachwe. Mtoto asiyempokea mzee mzigo wake atakosa mengine mengi. Nasema tu kwamba kuna tofauti baina ya kumpokea mzee gunia na kumnyang'anya kazi. Gunia lampa taabu. Kazi yampa sababu ya kuamka. Tukichukua yote mawili tumemheshimu kwa siku moja na kumdhoofisha kwa miaka.

Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inapotaja haki za wazee yaanza kwa kusema kwamba washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii; kisha yataja kujiendeleza kwao; kisha heshima na usalama wao; na kutunzwa na jamaa na Serikali ndiko kunakotajwa mwisho. Mimi ni karani, napenda kusoma utaratibu wa vifungu, na utaratibu huo naona una akili. Sisi katika nyumba zetu tumeshika lile la mwisho tu.

Na akina mama wasidhani nasema na wanaume peke yao. Jirani zetu Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wako Wahadza, watu waishio kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Katika miaka ya 1980 mtaalamu Kristen Hawkes na wenzake walikaa nao wakizihesabu saa za kazi ya kila mtu. Waliona kwamba kina bibi waliokwisha kupita umri wa kuzaa ndio waliokaa porini saa nyingi zaidi wakitafuta chakula, kuliko mabinti zao wenye watoto wachanga, na chakula chao ndicho kilichowasaidia wajukuu. Kwetu pia nyanya ndiye akunaye nazi, asukaye makuti, afagiaye ua. Binti akirudi kutoka Mombasa ana fedha, neno lake la kwanza ni kumwajiri msichana wa kazi ili mama apumzike. Na amwajiri. Lakini amwulize mama kwanza ni kazi ipi asiyotaka kuiacha.

Najua jibu litakalotoka kwa wazee wa boriti na wachukuzi wa gatini. Watasema: karani mwenye kalamu atusifia kazi, lakini hajachukua gunia hata moja. Kweli kabisa. Kukata mikoko huku umezama matopeni mpaka mapajani, na kupandisha mifuko ya saruji kutoka chomboni jua la saa saba, si dawa ya ujana. Kazi nzito isiyo na pumziko, isiyo na maji ya kunywa, huharibu magoti na kuukunja mgongo, na wengi tuwajuao wamezeeka kabla ya wakati kwa kazi hiyo, si kwa kukosa kazi. Mwenye kuifanya miaka 30 ana haki ya kuiacha, na aliyewahi kuumia mgongo asirudi. Lakini aiachapo asihamie kitini moja kwa moja. Kati ya gunia na kiti kuna kazi nyingi: kushona tanga, kusokota kamba, kupalilia, kuwaonyesha vijana mahali penye mwamba. Kiasi ambacho Shirika la Afya Ulimwenguni lataja ni dakika 150 za mwendo katika juma zima, yaani dakika ishirini na kitu tu kwa siku, na kwa wenye miaka 65 na zaidi mambo ya kutia nguvu na kusimama sawasawa siku tatu za juma. Safari moja ya Pate kwenda na kurudi inakaribia kuimaliza hesabu.

Na vijana wasidhani wamesalimika katika hotuba hii. Siku ile tulipompeleka baba zahanati, muuguzi alimpima shinikizo la damu, lile tunaloliita presha, akaona ni 132 juu ya 80. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeketi pale sina kazi, akanipima na mimi. Ilikuwa 154 juu ya 98. Nilidhani mashine imekosea. Nikapimwa tena siku mbili nyingine, ikawa ni ile ile. Mimi, kijana, sina maumivu yoyote, sijui nina nini. Kipimo cha 140 juu ya 90 kikifikiwa siku mbali mbali ndipo waganga husema mtu ana presha, na ubaya wake ni huo huo, kwamba haiumi. Yakaa kimya miaka mingi ikichakaza mishipa ya moyo, ya figo na ya ubongo, mpaka asubuhi moja mtu ainuka upande mmoja umekufa, nasi twasema amepigwa na upepo.

Sababu zangu hazikuwa za siri. Naketi kutwa. Mwaka 1953 mganga wa Kiingereza, Jerry Morris, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya mabasi ya London yale ya ghorofa mbili. Alilinganisha madereva, walioketi siku nzima, na makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tikiti. Watu wa mji mmoja na kazi ya basi moja. Lakini makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Morris mwenyewe alishika mafundisho yake akaishi mpaka mwaka 2009, umri wa miaka 99. Mimi ni dereva katika habari hiyo. Na kijana wa pikipiki asiyeweza kutoka gatini hadi dukani bila kupiga moto, naye ni dereva vile vile.

Sababu ya pili ni chumvi. Tumezoea ng'onda na papa mkavu, na juu ya mchuzi wake twatia chumvi tena kwa mkono. Kiasi cha mtu mzima kwa siku ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki na mkate. Ng'onda ikilowekwa maji mara mbili na maji yakamwagwa, hupungua chumvi bila kupoteza utamu. Nyumbani kwangu tulinung'unika juma moja, tukazoea. Sukari ya chai nayo tazameni wenyewe. Kuna nyumba hapa ambayo kijiko husimama wima katika kikombe.

Kwa chakula cha wazee nina neno moja tu ambalo naliona ni kosa la upendo kama lile la kiti. Mzee akidhoofika twampa vitu laini: uji, chai, mkate. Samaki twawapa watoto. Kumbe mwili wa mzee wahitaji samaki na mayai na kunde zaidi kuliko wa kijana, kwa sababu ndivyo vinavyojenga nyama zinazopungua. Meno yakiwa mabovu, samaki achambuliwe miiba na kupondwa.

Juu ya tumbaku sisemi sana, kwani tumbaku ya Pate ni riziki ya jamaa zetu nami nala katika nyumba zao. Lakini ukweli hauna budi kusemwa. Tumbaku huharibu mishipa na mapafu, na tambuu yenye popoo, hata isiyotiwa tumbaku, ilitangazwa mwaka 2004 na wachunguzi wa saratani wa ulimwengu kuwa huleta saratani ya kinywa. Mwenye kidonda au doa jeupe mdomoni lisilopona kwa majuma matatu asingoje. Hali kadhalika ukungu wa macho, uitwao mtoto wa jicho: huo hauponi kwa asali wala kwa matone ya dukani, bali hutolewa kwa upasuaji mfupi, na mzee aliyekuwa akishikwa mkono hurudi akitembea peke yake.

Sasa ombi langu. Katika hesabu za mwaka ujao mtaona kifungu kiitwacho Wazee. Chini yake, kwa pendekezo la mkutano uliopita ambalo mimi mwenyewe niliandika na kuliunga mkono, kuna fedha za viti kumi na viwili vya mikono vya baraza hii, na fedha za pikipiki za kuwaleta wazee mikutanoni. Naomba mkutano uruhusu kifungu hiki kibadilishwe. Fedha za viti zinunue mashine moja ya kupimia presha, ile ya kufunga juu ya mkono, si ya kifundoni. Nitaiweka ofisini, na asubuhi ya kila Jumamosi mwanachama yeyote, mzee kwa kijana, apimwe bure. Sharti aketi kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, mkono uko sawa na moyo, naye asiwe amekunywa kahawa au kuvuta tumbaku nusu saa iliyopita. Nitaandika tarakimu katika daftari yake, na mwenye kufika 140 juu ya 90 atakwenda nayo zahanati. Mimi si mganga, sitampa mtu dawa, wala sitamwambia mtu aache aliyopewa.

Fedha za pikipiki zibaki kwa wagonjwa na wasiojiweza, na ziada yake itie chuma cha kushikia kwenye ngazi za gati, upande wa kushoto kwa mwenye kushuka, ambako chani ni nyingi. Mafundi wawili wamekwisha kujitolea kazi ya mikono. Na Halmashauri iandike orodha ya kazi za Chama ambazo zingefaa wazee na ambazo sasa twazilipia watu wa mbali: kushona nyavu, kusuka makuti ya kuezekea ofisi, kutunza miche ya mikoko, kusimulia vijana habari za pepo na mikondo ya maji. Kazi hizo zilipwe. Kumwita mzee afanye kazi bure kwa kisingizio cha afya yake itakuwa aibu.

Mweka Hazina ana tarakimu zote na atazisoma. Naomba wanaopinga wapewe nafasi ya kwanza ya kusema. Baba yangu amekwisha kuniarifu kwamba yuko upande wangu kwa mashine na kwa chuma cha ngazi, ila atasimama kupinga habari ya viti, kwa sababu asema mikutano yetu ni mirefu.